Je, Wajua? Kutoka Jiwe la Mpanda Hadi Meza ya Kupimia Chipu

Mwanafunzi wa uhandisi anayetoka Katavi akisema nyumbani kwamba fildi ya mwaka huu, yaani mafunzo kwa vitendo, ataifanyia kwenye maabara ya kupima chipu, hujibiwa kwa swali: "Hiyo nayo ni kazi gani, mwanangu?" Safu ya leo ni ya huyo mwanafunzi, na ni ya mzazi aliyeuliza. Tuanzie karibu na nyumbani.

Je, wajua kwamba muda mrefu kabla ya silikoni kupata jina, semikondakta iliyokuwa ikifanya kazi kwenye redio za watu ilikuwa jiwe la aina ileile iliyochimbwa Mpanda, hukohuko Katavi? Jiwe hilo huitwa galena. Ni risasi iliyoungana na salfa, zito kuliko unavyolidhania ukilitazama, rangi yake ya kijivu inayometameta, na ukiligonga kwa nyundo linakatika vipande vyenye pembe kama vijisanduku. Semikondakta, kwa asiyelizoea neno, ni kitu ambacho umeme haupiti kwa uhuru kama kwenye shaba, wala haukatazwi kabisa kama kwenye mpira. Kinapitisha kwa masharti.

Mwaka 1874 Mjerumani Ferdinand Braun aligusisha ncha ya waya kwenye mawe ya jamii hiyo, galena ikiwemo, akaona jambo lisilotarajiwa: umeme ulipita vizuri upande mmoja, ukageuzwa, ukakataa. Aliyewahi kutega mgono mtoni hahitaji maelezo zaidi. Samaki anaingia, kutoka hawezi. Kifaa kinachofanya hivyo kwa umeme leo tunakiita dayodi, na kimo kwenye chaja ya simu yako.

Je, wajua nani aliomba hataza ya jiwe hilo? Jagadish Chandra Bose, mwanafizikia wa Bengal. Aliwasilisha ombi lake Marekani mwaka 1901, akapewa hataza mwaka 1904. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa hataza za kwanza kabisa za kifaa cha semikondakta duniani. Mtu wa koloni, maabara yake Kolkata, akatangulia mataifa yenye viwanda. Hapo sina la kuongeza.

Je, wajua kwamba redio ya galena haikuhitaji betri wala umeme wa ukutani? Nguvu yake yote ilitoka kwenye mawimbi yenyewe yaliyonaswa na waya mrefu wa antena. Ila ilikuwa na usumbufu wake. Si kila doa la jiwe lilifanya kazi. Msikilizaji alishika waya mwembamba, Waingereza wakiuita sharubu ya paka, akawa anauchokonoachokonoa juu ya jiwe, sikio kwenye spika ndogo, mpaka apate doa linaloimba. Shughuli hiyo ndiyo upimaji wa semikondakta katika sura yake ya kwanza: sindano, fuwele ya madini, na mtu mwenye subira. Maabara za leo zina sindano vilevile. Tofauti ni kwamba zinashuka mia kadhaa kwa mpigo, na kompyuta ndiyo yenye subira.

Je, wajua kwamba reli ya Mpanda ililetwa na jiwe hilohilo? Tawi linalochepuka Kaliua kwenye reli ya Kigoma na kushuka kilomita 210 hadi Mpanda lilifika mwaka 1950. Halikujengwa kwa ajili ya abiria wala mahindi; lilijengwa kuhudumia mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi haukudumu. Ulifungwa mwaka 1960, lakini garimoshi halikuondoka nao. Kwa hiyo kijana anayepanda behewa Mpanda kwenda chuoni, begi lake likiwa na multimita na kalkuleta, amekaa juu ya reli iliyotandikwa kwa ajili ya semikondakta, japo hakuna aliyeiita hivyo wakati ule. Walichotaka ni risasi, pamoja na fedha na shaba iliyofuatana nayo.

Risasi hutumika wapi? Kwenye betri za magari na mabomba, ndiyo, lakini pia kwenye lehemu, ule uji wa chuma unaounganisha miguu ya chipu na ubao wa saketi. Mchanganyiko uliozoeleka na mafundi ni bati sehemu 63 na risasi sehemu 37 katika kila 100. Unayeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, nao huganda papo hapo bila kupitia hali ya utelezi. Ndiyo maana mafundi wanaupenda.

Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku risasi kwenye vifaa vingi vya umeme, kwa sababu ya sumu yake. Lehemu mpya ni bati, fedha kidogo na shaba kidogo. Inataka nyuzi 217 hivi. Mwanafunzi akiiyeyusha kwa pasi ya lehemu iliyowekwa joto la zamani, hupata viungo vilivyofifia, vyenye nyufa zisizoonekana. Saketi inafanya kazi Jumatatu, Jumatano imekufa. Wasimamizi wengi hulianza somo la fildi hapo, na hawakosei.

Na bati je? Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande unaotazamana na Karema, kuna mkoa wa Kongo unaoitwa Tanganyika, na ndani yake kuna Manono, mji uliozaliwa na bati. Manono hutoa pia koltani, ambayo ndiyo chanzo cha tantali, metali ya kapasita ndogondogo zilizojaa kwenye simu. Mkazi wa Karema akitazama machweo anatazama ilikotoka sehemu ya simu yake.

Je, wajua kwamba risasi inaweza kuifanya chipu isahau? Mwaka 1978 wahandisi wawili wa kampuni ya Intel, May na Woods, walieleza kwa nini chipu za kumbukumbu zilikuwa zikigeuza 0 kuwa 1 bila sababu ya kuonekana. Chanzo kilikuwa chembe za alfa, zinazotoka kwenye kiasi kidogo mno cha urani na thori ndani ya kasha la kauri linalofunika chipu. Risasi ya kawaida nayo hubeba mabaki ya namna hiyo. Ndiyo maana soko la chipu hununua risasi maalumu yenye mnururisho mdogo sana, na risasi iliyofuliwa kale huthaminiwa kwa sababu muda mrefu umeshaipoza. Hitilafu hii haiharibu kitu. Ukiwasha upya, chipu ni nzima. Mpimaji asiyeijua anaweza kuilaumu programu mwezi mzima.

Je, wajua kwamba yule Braun wa galena ndiye pia aliyetengeneza chombo kinachotawala meza ya kila maabara ya elektroniki? Mwaka 1897 alitengeneza mrija wa kioo ambamo mshale wa elektroni huchora mwendo wa umeme kwenye skrini. Huo ndio baba wa osiloskopu, na babu wa televisheni zile zenye kisogo. Mwaka 1909 aligawana Tuzo ya Nobel ya fizikia na Marconi, kwa kazi yao ya simu isiyo na waya.

Osiloskopu za leo hazina tena mrija. Lakini mwanafunzi anayefika fildi na kuona mstari wa kijani ukipandashuka mbele yake, bado anaangalia wazo la Braun.

Je, wajua neno "transista" liliingia Kiswahili kwa mlango wa redio? Wazee wengi wakisema transista wanamaanisha redio ndogo ya betri ya kubeba. Kifaa chenyewe kilizaliwa Desemba 1947 kwenye maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Bardeen na Brattain, Shockley akiwa kiongozi wao. Watatu wakapata Nobel mwaka 1956. Tanzania nayo iliwahi kuunganisha redio zake: Philips walikuwa na kiwanda Arusha. Kwa hiyo kupima transista kwenye ardhi hii si jambo la juzi. Watu waliokaa kwenye meza zile wakiwasha, wakisikiliza na kutenga mbovu walikuwa wapimaji wa semikondakta, hata kama kadi zao za kazi hazikuandikwa hivyo.

Je, wajua kwamba chipu ya kwanza ilitengenezwa na mtu aliyenyimwa likizo? Tuseme hakuwa ameistahili bado. Jack Kilby aliajiriwa na Texas Instruments mwaka 1958. Julai ilipofika kampuni ikafunga shughuli, wafanyakazi wakaenda mapumziko ya pamoja, yeye mgeni akabaki peke yake na maabara tupu. Akakaa akawaza: kwa nini transista, rizista na kapasita zisichongwe zote kwenye kipande kimoja? Tarehe 12 Septemba 1958 aliwaita wakubwa, akaunganisha betri, na kwenye skrini ya osiloskopu likatokea wimbi safi lisilokatika. Kipande chenyewe kilikuwa cha gemani, semikondakta nyingine, kimebandikwa kwenye kioo, waya zikining'inia kama nywele zisizochanwa. Nobel yake ilikuja mwaka 2000. Alipokuwa kijana alikuwa amefeli kwa alama chache mtihani wa kuingia chuo cha MIT.

Kutoka kile kipande cha Kilby twende haraka. Mwaka 1971 Intel 4004 ilikuwa na transista 2,300. Mwaka 2023 chipu ya A17 Pro ya simu za Apple ilikuwa na bilioni 19.

Sasa fildi yenyewe. Je, wajua kwamba kwa mwanafunzi wa uhandisi Tanzania mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya shahada, tena yana alama? Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na wanafunzi wake huhesabu PT, yaani mafunzo hayo, ya kwanza, ya pili na ya tatu kama mtu anavyohesabu ngazi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT, ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi na kupata hadhi yake ya sasa kwa sheria ya mwaka 1997. Chuo cha Ufundi Arusha ni cha mwaka 1978. Kwa wanaotoka Katavi, mara nyingi macho huenda Mbeya, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Wakenya hawasemi fildi, wanasema atachimenti, lakini jasho ni lilelile: barua ya chuo, kuzunguka ofisi, kusubiri kujibiwa, kisha logibuku ya kuandika kila siku umefanya nini.

Kusubiri kujibiwa ndiko kugumu. Mwanafunzi wa umeme mkubwa ana TANESCO, ana reli, ana migodi. Wa elektroniki ndogo anaomba sehemu tano, anaitikiwa na moja, na huko anakabidhiwa printa zenye kukwama karatasi. Nalisema kwa sababu ndivyo lilivyo. Maabara ya kupima chipu hasa, yenye sindano na darubini, ni adimu Afrika Mashariki nzima.

Adimu, lakini ipo. Je, wajua kwamba iko Nyeri? Ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, chini ya Mlima Kenya, kuna kampuni iitwayo Semiconductor Technologies Limited, iliyoanzishwa na Anthony Githinji. Ina chumba safi, yaani kinachozuiwa vumbi, ina mitambo ya kushughulikia silikoni, na wahandisi wake wengi ni vijana waliotoka vyuoni moja kwa moja, wanawake wakiwa ndio wengi zaidi. Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto mjini Washington, Marekani ilitangaza kushirikiana na Kenya kuangalia namna ya kukuza tasnia hii, ikitumia fungu la sheria yake ya chipu. Kampuni hiyo imechagua mji wa kahawa na chai, mbali na Nairobi. Nani kasema chipu inapenda jiji?

Hata Marekani yenyewe iliwahi kwenda mbali hivyo. Mwaka 1965 kampuni ya Fairchild ilifungua kiwanda Shiprock, kwenye ardhi ya Wanavajo huko New Mexico, na walioajiriwa wengi walikuwa wanawake wa kabila hilo. Kilifungwa mwaka 1975. Intel nayo ilikwenda Penang, Malaysia, mwaka 1972, eneo lilipokuwa bado na mashamba ya mpunga, kufunga chipu kwenye makasha na kuzipima. Leo Malaysia inakadiriwa kushika kama asilimia 13 ya kazi ya kufunga na kupima chipu duniani. Haikuanzia kwenye kutengeneza. Ilianzia kwenye kupima.

Je, wajua chipu hupimwa angalau mara mbili? Mara ya kwanza ikiwa bado kwenye sahani ya silikoni pamoja na wenzake mamia. Sahani kubwa za leo zina kipenyo cha milimita 300, sawa na sinia dogo. Sindano zinashuka, zinagusa, umeme unapita, majibu yanarudi. Zamani chipu mbovu ilidondoshewa tone la wino, kama kondoo anavyotiwa alama mnadani. Sasa kompyuta hukumbuka ramani ya mbovu na nzima. Mara ya pili ni baada ya kukatwa na kuvikwa kasha, maana kukata na kuvika nako huua.

Na ndani ya kasha, chipu ikiunganishwa na miguu yake, waya uliozoeleka kwa miaka mingi ni wa dhahabu, unene wake kama mikromita 25. Unywele wa mtu una mikromita 70 hivi. Wachimbaji wadogo wa Katavi wanaopepeta mchanga wa dhahabu hawajui kama gramu yao imekwenda kuwa pete ya harusi Dubai au waya wa chipu Penang. Siku hizi viwanda vingi vimehamia kwenye waya wa shaba, kwa sababu unayoijua: bei.

Haya, hesabu. Je, wajua sekunde moja ina gharama gani kwa mpimaji? Ukiongeza kipimo cha sekunde moja tu kwa kila chipu, na una chipu milioni moja, mashine moja inayopima mojamoja itachelewa zaidi ya siku 11 na nusu, usiku na mchana. Hivyo mhandisi wa vipimo hulipwa si kwa kuongeza vipimo, bali kwa kujua kipi kikiondolewa hakuna mbovu itakayopita.

Nyingine. Saketi ya kujumlisha namba mbili, kila moja ya biti 32, ina njia 64 za kuingilia. Ukitaka kuijaribu kwa kila mchanganyiko unaowezekana utahitaji majaribio 18,446,744,073,709,551,616. Mashine ikifanya bilioni moja kwa sekunde, itamaliza baada ya miaka 584 hivi. Na hiyo ni kujumlisha tu! Kwa hiyo hakuna chipu duniani iliyopimwa yote. Kinachofanyika ni kuchagua majaribio yatakayofichua kasoro nyingi kwa haraka, na kuchimba ndani ya chipu njia maalumu za kuchungulia.

Ukichagua vibaya? Muulize Intel. Mwaka 1994 mwalimu wa hisabati wa Marekani, Thomas Nicely, alikuwa akitafiti namba tasa pacha, akaona majibu ya kompyuta yake ya Pentium hayalingani na ya nyingine. Kwenye jedwali la kugawanyia lililochongwa ndani ya chipu, nafasi 5 zilikuwa tupu badala ya kujazwa. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727, kosa linajitokeza kwenye tarakimu ya tano. Mwanzoni kampuni ilisema mtumiaji wa kawaida hatalihisi. Watu wakakasirika. Ikaishia kutenga dola milioni 475 za kubadilisha chipu hizo.

Je, wajua hatari kubwa ya mwanafunzi kwenye maabara ni sweta lake? Hapa wana Katavi sikilizeni. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na vumbi jekundu likipanda, hewa hukauka. Hewa kavu haiondoi umeme tuli. Ukivua sweta la nailoni gizani unasikia cheche. Mtu huanza kuhisi cheche ya umeme tuli inapofika volti 3,000 hivi. Chini ya hapo hajui kama ametoa kitu. Kuna chipu zinazokufa kwa volti zisizofika 100. Unaweza kuua kifaa kwa kukigusa, usihisi lolote, ukakiweka kwenye boksi la vizima. Kibaya zaidi, kinaweza kisife. Kinajeruhiwa, kinapita vipimo vyote, halafu kinazima mikononi mwa mteja miezi minne baadaye.

Ndiyo sababu mpimaji huvaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi. Ndani ya waya wake kuna rizista ya omu milioni moja, nayo haikuwekwa kulinda chipu. Iko kwa ajili yako: ukigusa kwa bahati mbaya waya wenye umeme mkubwa, usigeuke njia nzuri ya kwenda ardhini. Mwanafunzi mmoja niliyemfahamu alikuta mkanda unambana, akaufunga juu ya mkono wa shati. Ulikaa vizuri. Haukufanya kazi yoyote.

Na binadamu ana kipimo chake rasmi. Wahandisi wakitaka kujua chipu itastahimili vipi mguso wa mtu, hawamwiti mtu. Wanatumia kapasita ya pikofaradi 100 na rizista ya omu 1,500. Kwa macho ya maabara, huyo ndiye wewe.

Je, wajua kwamba uchafu mkubwa wa chumba safi ni mtu mwenyewe? Ngozi inayopukutika, nywele, poda ya usoni. Chumba cha daraja la 5 kwa kipimo cha ISO hakiruhusiwi kuwa na chembe zaidi ya 3,520 za nusu mikromita na kuendelea katika mita moja ya ujazo. Daraja la 9, ambalo ndilo karibu na hewa ya chumba cha kawaida, linaruhusu zaidi ya milioni 35. Barabara ya vumbi ya Agosti sijui iko daraja la ngapi.

Je, wajua kuna chipu zinazobanikwa kwa makusudi? Zinaingizwa kwenye tanuri la nyuzi 125, zikiwa zimewashwa, kwa saa nyingi. Vifaa vya elektroniki hufa sana vikiwa vichanga, halafu vinatulia kwa miaka, halafu vinaanza kufa tena vikizeeka. Ukiuchora mwenendo huo unapata umbo la beseni: kingo mbili zimepanda, katikati pamelala. Tanuri hutumika kuzimaliza dhaifu kabla hazijatoka getini.

Huna tanuri? Multimita ya sokoni inatosha kuanzia. Iweke kwenye alama ya dayodi, shika ncha mbili. Dayodi ya silikoni itasoma volti 0.6 au 0.7 upande mmoja, upande wa pili haitasoma kitu. Ikisoma pande zote, imekwisha. Ile ya gemani husoma 0.2 hadi 0.3. Fundi simu aliye makini hupima hivyo kila kipuri kabla ya kulipa, kwa sababu soko lina transista zilizofutwa jina la zamani na kupigwa jipya la kifaa chenye nguvu zaidi. Ukisugua kwa asetoni na wino ukatoka mweusi, umeshajua.

Na kabla hujapima kitu chenye omu chache, gusanisha ncha zako zenyewe. Utaona haisomi sifuri; mara nyingi inasoma 0.2 au zaidi. Hizo ni omu za waya zako. Maabara huziepuka kwa kutumia waya nne badala ya mbili: jozi moja inapeleka umeme, jozi nyingine inasoma volti tu. Mbinu hiyo inabeba jina la Kelvin, mwanasayansi wa karne ya 19.

Je, wajua kwamba semikondakta kubwa kuliko zote Katavi ziko juu ya mabati? Paneli za sola ni silikoni ileile ya chipu, imetandazwa tu. Mpanda ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, mbali na gridi ya taifa, na paneli zikawa rafiki wa wengi, kuanzia vibanda vya kuchaji simu mpaka makazi ya Katumba na Mishamo. Sasa angalia kibandiko cha nyuma. Kimeandikwa wati 100. Ni kweli, lakini zilipimwa kwenye mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, paneli yenyewe ikiwa na nyuzi 25 tu.

Saa saba mchana Mpanda, paneli iliyolazwa bapa juu ya bati inaweza kufika nyuzi 60. Kila nyuzi moja inayozidi 25 humega karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Nyuzi 35 mara 0.4 ni asilimia 14. Wati zako 100 zimebaki 86, na hujauziwa feki. Inyanyue kiganja kimoja juu ya bati ili upepo upite chini yake, utarudishiwa baadhi. Hiki ni kipimo halisi cha semikondakta ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya likizo, kwa multimita na kipimajoto, bila barua ya chuo.

Je, wajua kwamba shahada haimfanyi mtu kuwa mhandisi Tanzania? Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka uzoefu kwanza, na tangu mwaka 2003 ina mpango wa kuwalea wahitimu kwa miaka 3 chini ya wahandisi waliosajiliwa. Logibuku, kwa hiyo, haiishi ukivua joho.

Na kuhusu logibuku, tumalizie kwa Braun. Je, wajua alikuwa na umri gani alipoona umeme ukikataa kurudi ndani ya jiwe? Miaka 24. Mwaka huo alikuwa amepata ajira ya kufundisha shule ya sekondari mjini Leipzig. Hakujua ni kwa nini jiwe lilifanya vile. Elektroni yenyewe haikuwa imegunduliwa, na maelezo ya kuridhisha yalichelewa hadi miaka ya 1930, yeye akiwa ameshafariki tangu 1918. Aliandika ni jiwe gani, waya uligusa wapi, na namba alizosoma kwa kila upande.